Nyama ya Chumvi ya Mzee Yakobo

Jumatatu, 7 Juni 1993

Baridi. Upepo wa Ufipa unapenya mpaka kwenye soksi. Nimevaa makoti mawili na bado natetemeka.

Leo nimekula chakula cha mchana Kwa Myahudi, Majengo. Sikupanga. Nilikuwa napita tu, nikitembea kama mtu mwenye shughuli, kama ninavyofanya kila siku tangu shirika litupunguze kazi mwezi Machi. Miaka kumi na tisa nimetunza stoo, halafu barua ya mistari minne. Harufu ikanisimamisha mlangoni. Nikaingia.

Hoteli hii ipo tangu nikiwa darasa la pili. Mwenyewe ni Mzee Yakobo, Myahudi wa Polandi. Alikuja huku wakati wa vita ya Hitla, akaendesha magari ya kuua nzige bonde la Rukwa. Wenzake wakaondoka, yeye akabaki. Anauza kitu kimoja: nyama ya ng'ombe iliyolala kwenye maji ya chumvi, ikachemshwa taratibu mpaka inalegea yenyewe. Anaikata slesi nyembamba, anaibana kwenye mkate wa ngano na ulezi, haradali juu, tango la chumvi pembeni. Nguruwe haingii mlangoni. Ukila nyama, chai yako haina maziwa. Na Jumamosi, siku mji unapofurika watu, anafunga. Wanamshangaa miaka yote na bado wanakuja. Mapadri wanakula pale. Waislamu wa ziwani wanakula pale bila wasiwasi. Wasukuma wanaomletea ng'ombe wanakula pale.

Mzee mwenyewe ndiye anayekata nyama. Mkono unatetemeka, kisu hakitetemeki. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza kwa Kifipa habari za mama yangu. Kifipa chake ni safi kuliko cha binti yangu Gaudiosa. Nikamwambia mama alifariki mwaka juzi. Akaacha kukata. Akaniongezea tango.

Kasoro ilikuwa moja. Clemens alikuwa amekaa meza ya dirishani. Clemens! Alikuwa karani chini yangu, tumepunguzwa siku moja, barua zetu zimepigwa na taipureta moja. Sasa ana banda la kitimoto, nyama ya nguruwe, kule Chanji na video ya kuonyesha watu mieleka. Ana koti la ngozi. La mtumba, lakini ngozi. Akaniuliza kwa sauti, watu wote wakisikia, kama nimepata chochote. Nikamjibu kwamba ndiyo, ila bado ni siri.

Basi ikabidi nipate siri. Niliipata kabla ya kumaliza mkate. Siku hizi kila kitu ruksa. Nitajifunza nyama ile inavyotengenezwa, nitafungua hoteli yangu mwenyewe. Baltazari Modern Restaurant. Na Jumamosi nitafungua tangu alfajiri.

Jumanne, 8 Juni

Nimerudi Kwa Myahudi. Kwa nje, chakula cha mchana. Kwa ndani, upelelezi.

Nikamwambia mzee naomba kwenda uani. Njia ya uani inapita jikoni. Nikayaona: mapipa matatu ya mbao, yamefunikwa vitambaa, juu ya kila kitambaa kuna jiwe. Nikainua jiwe la kwanza. Nilikuwa nimeingiza kidole tayari kuonja pale sauti iliponiuliza nyuma yangu kama nimepoteza kitu humo.

Ni Fransiska, mpishi. Mjane mwenye miaka sitini hivi, amefanya kazi na mzee miaka thelathini. Nikamwambia, dada Fransiska, nilikuwa natafuta choo. Akasema choo hakijawahi kuhamia kwenye pipa. Akanisindikiza mpaka mlangoni pa choo, akasimama nje kusubiri. Nikakaa humo muda wa kutosha kuonekana mkweli. Ni choo cha baridi sana.

Wakati wa kurudi nikamuuliza, kama mazungumzo tu, nyama inalala siku ngapi. Akasema siku zinazotosha.

Kidole kimeonja chumvi, kitunguu saumu na kitu kingine nisichokijua. Nimekilamba mpaka nyumbani Kizwite.

Jumatano, 9 Juni

Nimebuni mpango mkubwa. Kama jikoni hakupitiki, nitapita moyoni.

Nilingoja saa tisa, wateja wamepungua. Nikamwambia Mzee Yakobo kwamba nimekuwa nikifikiri sana tangu nipoteze kazi, usingizi sipati, na moyo wangu umeguswa na dini yake. Nataka kuwa Myahudi.

Nilitegemea atafurahi, aniite jikoni kama ndugu, mambo yaishe. Badala yake akaweka kisu chini. Akafuta mikono, kidole kimoja kimoja. Akaenda kufunga mlango wa mbele, mchana kweupe. Akaketi mbele yangu.

"Miaka hamsini nipo nchi hii," akasema. "Wameniuliza kwa nini nafunga Jumamosi. Wameniuliza kwa nini sili nguruwe. Hilo la kwako hakuna aliyewahi kuniuliza."

Macho yalikuwa yamemlowa. Labda ni vitunguu. Nimeamua ni vitunguu.

Akanieleza kwamba kuingia dini yake si jambo la siku moja, kuna walimu na wazee wa kulikubali, na hajui hata mmoja aliye karibu. Kuna sala ambazo mtu hawezi kuzisema mpaka wawepo wanaume kumi, na yeye hajazisema tangu akiwa kijana. Kumi! Hapa yupo mmoja. Hata hivyo akanikaribisha Ijumaa, jua likizama, tule pamoja.

Nikauliza kama tutakula nyama. Akasema tutakula.

Nimeondoka na kitu kizito tumboni. Haradali imezidi.

Alhamisi, 10 Juni

Siwezi kungoja kesho mikono mitupu. Nimeanza majaribio yangu mwenyewe.

Nimekwenda kwa Mboje, Msukuma anayechinja ng'ombe huku Kizwite, nikataka nyama ya kidari. Akauliza kama ile anayochukua Mzee Yakobo. Nikasema bora kuliko ile. Akasema ng'ombe ni yule yule.

Pipa la mbao sina. Nimetumia pipa la plastiki la mke wangu Evodia, lile la kukingia maji. Nikaweka chumvi, kitunguu saumu, pilipili manga, na majani fulani makavu yaliyokuwa kwenye kopo jikoni. Juu nikaweka tofali.

Mke wangu alirudi kutoka shuleni, amefundisha madarasa mawili kwa sababu mwenzake anaumwa, akataka maji ya kunawa. Sitaandika yote aliyosema. Alisema pipa lile alilinunua kwa mshahara wake, na kwa sasa kila kitu humu ndani kimenunuliwa kwa mshahara wake, pamoja na daftari ninaloandikia. Alisema pia kwamba yale majani yalikuwa dawa yake ya kuoshea nywele.

Jioni nikakutana na Clemens sokoni. Nilitaka kunyamaza. Nikashindwa. Nikamwambia kuanzia Jumamosi mji huu utakula nyama ya chumvi ya Baltazari, na kwamba mzee ananifundisha kwa sababu naingia dini yake. Clemens akaniuliza kama najua wanaume wanaoingia huko wanafanywa nini kwanza, hata wakiwa watu wazima. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nimelifikiria njia nzima kurudi nyumbani.

Ijumaa, 11 Juni

Nimetoka kwa mzee. Naandika kabla sijasahau, ingawa mengine ningependa kuyasahau.

Anaishi chumba cha nyuma. Kitanda, meza, kabati la vitabu vinavyofunguliwa kinyume. Fransiska alikuwa amepika mchana, akaondoka. Kitambaa cheupe mezani, mishumaa miwili, mkate. Divai hakuna. Anachemsha zabibu kavu, anakunywa maji yake. Yana utamu wa huzuni. Akafunika kichwa, akaimba kidogo kwa sauti ya chini. Nilipiga ishara ya msalaba kwa mazoea, nikajifanya nakuna bega.

Kisha akataja majina. Dada zake watatu. Mama yake. Mjomba aliyemfundisha kutia nyama chumvi, katika mji ambao anasema nyumba zake zipo, watu wake hawapo. Nilikuwa namsikiliza, lakini sikio moja lilikuwa linangoja nyama.

Nikauliza, kama mtu anayependezwa na mila, nyama hii hasa inafanywaje. Nilijiandaa kwa mafumbo. Akaniambia yote! Chumvi kiasi gani, maji kiasi gani, majani gani na anayapata wapi, vitunguu saumu vingapi. Siku kumi na mbili ndani ya pipa, kuigeuza kila siku. Kuichemsha asubuhi nzima kwa moto mdogo. Kuosha pipa kwa maji ya moto na jua la siku tatu. Akasema hakuna siri hapo, kuna uvumilivu tu, na wanaokosa ni kwa sababu wanaharakisha.

Siku kumi na mbili. Ya kwangu ina siku moja na tofali.

Halafu akasema jambo jingine. Amechoka. Kifua kinamsumbua kila baridi ikiingia. Fransiska anajua kupika ila mapipa ni mazito kwake. Akaniomba nianze kazi Jumapili. Nioshe mapipa, nigeuze nyama, nijifunze kisu. Mwaka mmoja. Baada ya mwaka, hoteli itakuwa yetu wawili, mimi na Fransiska, mradi tushike mambo mawili: nguruwe isiingie, Jumamosi mlango ufungwe. Siku hiyo, akasema, yeye hata mzigo habebi nje ya nyumba. Anapumzika kama alivyoamriwa.

Nikamshukuru. Nikamwambia nitafikiri.

Mwaka! Nina miaka hamsini na mmoja. Clemens alipata banda kwa wiki tatu.

Jumamosi, 12 Juni

Naandika mchana. Mlango nimeufunga kwa komeo.

Asubuhi nilifungua pipa. Harufu ilitoka kabla yangu. Nyama imekuwa rangi ya kijivu kama sufuria ya shule. Nilimkatia mbwa wa jirani kipande, akakinusa, akanitazama, akaondoka.

Ningeacha hapo, sasa hivi nisingekuwa nimefunga mlango. Lakini Clemens alikuja mwenyewe kuona hiyo Jumamosi yangu kubwa, na koti lake. Alitazama pipa, hakucheka hata. Akasema kwa upole kwamba ana mapaja mawili ya nguruwe yaliyobaki jana, yamechemshwa tayari, nikiyatia chumvi na haradali nyingi nani atajua. Upole wake ndio ulioniponza. Angecheka, ningekataa.

Nikajiambia itakuwa kwa leo tu. Nikajiambia wanaosimama Jumamosi mbele ya mlango uliofungwa ni watu wa parokia yetu tu, nao nguruwe wanaila kila sikukuu. Wale wa ziwani wanajua siku za mzee, hawaji Jumamosi.

Saa tano nilikuwa barazani Kwa Myahudi, na meza ya Evodia ya kusahihishia madaftari. Nikaandika kwa mkaa kwenye boksi: NYAMA YA MYAHUDI, LEO IPO. Mlango wa mzee ulikuwa kimya nyuma yangu. Nilijua anapumzika chumba cha nyuma.

Watu walikuja kweli. Wabeba mizigo wawili, fundi baiskeli, mwalimu mmoja. Wote nawajua, wote wa kanisani. Wakala, wakasifu. Nilihisi jambo ambalo sijalihisi tangu Machi. Nilijiona mrefu.

Ndipo akaja Bwana Hamduni, mfanyabiashara wa samaki kutoka Kirando. Anakula kwa mzee miaka ishirini, kila akipandisha mzigo. Alikuwa na mama yake mzazi, bibi mdogo aliyejifunga kanga mbili juu ya sweta, wametoka hospitali. Akafurahi sana. Alimwambia mama yake hapa ndipo mahali pekee Sumbawanga anapokula nyama bila kuuliza maswali, na kumbe siku hizi mzee amelegeza, Jumamosi nayo anauza. Akaagiza vipande viwili. Mikono yangu ikakata. Sijui kwa nini ilikata. Nikampa bibi. Akasema bismillahi kwa sauti ndogo, akafungua kinywa. Meno alikuwa nayo machache.

"Mama, usile," nikasema.

Akasimamisha mkate hewani. Hamduni akaniuliza kuna nini. Ningeweza kusema imechacha. Neno hilo lilikuwepo, lilikuwa tayari mdomoni. Sijui lilikwenda wapi.

"Ni nguruwe," nikasema.

Hamduni akautoa mkate mkononi mwa mama yake, akauweka mezani polepole kana kwamba ungelipuka. Akamfuta vidole kwa leso yake, kimoja kimoja. Hakunipiga. Wengine ndio walianza kelele. Mama mmoja muuza dagaa alinirushia ungo. Wabeba mizigo walidai wametapeliwa, ingawa walikuwa bado wanatafuna.

Mlango ukafunguka. Mzee Yakobo, shati jeupe, kofia. Watu wakampisha. Akatazama meza. Akasoma boksi, taratibu, mpaka mwisho.

"Hiyo ni nyama gani, Baltazari?"

Nikamwambia.

Nilingoja anitukane kwa Kifipa, kwa Kipolandi, kwa lugha yoyote. Alinishika bega, kwa kujiegemeza nadhani.

"Naomba uondoe hiyo meza," akasema. "Leo mimi siruhusiwi kubeba kitu."

Nikaiondoa. Nimeibeba kichwani kutoka Majengo hadi Kizwite, katikati ya siku, na mji mzima ukiwa barabarani.

Jumapili, 13 Juni

Misa ya kwanza. Benchi letu lilikuwa na nafasi nyingi pande zote mbili. Evodia alikaa mwisho wa benchi, mimi mwanzo.

Amejua yote. Ameyajua kabla sijafika nyumbani. Hajasema kitu, na mke wangu asiposema kitu heri aongee. Amesugua meza yake kwa jivu mara tatu.

Hii ndiyo siku niliyotakiwa kuanza kuosha mapipa. Sikwenda. Nilifikiri kwenda kungekuwa kujipendekeza.

Jumanne, 15 Juni

Mambo mabaya. Kwa Myahudi hakuna watu.

Nimepita jana na leo, upande wa pili wa barabara, kofia usoni. Meza tupu. Habari imekwenda mjini na imekwenda vibaya: wanasema Myahudi anauza nguruwe, tena labda siku zote alikuwa anauza. Miaka arobaini na miwili ya watu kuiamini sahani yake, imeondoka kwa boksi moja. Fransiska amesimama mlangoni, mikono kwenye aproni. Aliniona. Kofia haikusaidia.

Nilikuwa na mpango. Barua isiyo na jina, ibandikwe sokoni, ikisema kosa ni la mtu fulani mgeni aliyekwisha kukimbilia Zambia. Evodia aliikuta nikiiandika. Akaichana. Kisha akazungumza, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Akasema, Baba Gaudiosa, vaa viatu.

Tulikwenda wawili mpaka nyumba anapofikia Hamduni. Mke wangu alitangulia mbele, mimi nikimfuata kama mwanafunzi aliyevunja dirisha. Nilitakiwa nieleze nikiwa nimesimama, mbele ya bibi na mbele ya wazee wawili wa msikitini waliokuwepo. Nikaeleza. Nilianza na hali ya uchumi na kupunguzwa kazi. Evodia akakohoa. Nikaruka hapo, nikasema kwamba mzee hakujua lolote, nyama ilikuwa ya kwangu, boksi ni mwandiko wangu.

Hamduni akachukua kofia yake. "Mama yangu hakula, kwa sababu ulisema," akasema. "Hilo nimelihesabu. Lakini yule mzee umemchafua, na mimi ndiye nitakayemsafisha. Wewe huwezi. Nani atakuamini?"

Akavaa kofia yake, akaenda Majengo na wale wazee wawili, na mama yake. Wakakaa meza ya dirishani, pazia limefunguliwa wazi, wakala. Polepole, kila apitaye aone. Bibi alikula viwili.

Sikualikwa. Niliwatazama kutoka ng'ambo. Nilikuwa na njaa.

Alhamisi, 17 Juni

Watu wamerudi, mzee hayupo. Amelala tangu Jumapili. Kifua.

Fransiska alikuja nyumbani mwenyewe kuniita. Mlangoni aliniambia tu nisimchoshe.

Chumba kile kile. Mishumaa haipo. Mzee amekuwa mdogo ndani ya blanketi. Daktari wa wilaya amekuja, ametoa vidonge, ametikisa kichwa uani akidhani haonekani.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, na machozi mahali pake. Hakunipa nafasi. Akaniuliza swali.

"Ulitaka kweli kuwa Myahudi?"

Nikatazama vile vitabu. Nikatazama viatu vyangu.

"Hapana, mzee. Nilitaka nyama."

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, Fransiska akaingia mbio, akamwinua, akanitazama kama mtu wa kuua wagonjwa. Mzee akamwashiria atuache.

"Nilijua," akasema. "Nilijua Jumatano ile ile. Wewe, Baltazari, hujui kudanganya, unajua kujaribu tu. Lakini miaka yote Ijumaa yangu nilikula peke yangu. Nikaona, mwongo naye ana mdomo, atakula na mimi."

Nilimshika mkono. Ulikuwa unanuka kitunguu saumu, kama unavyonuka, nadhani, siku zote. Tulikaa hivyo mpaka akasinzia.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Upepo mkali. Machozi yalinimwagika njia nzima, na siku hii hakukuwa na vitunguu.

Jumatatu, 21 Juni

Mzee Yakobo amefariki Jumamosi alfajiri. Hakubeba kitu.

Tumemzika jana. Padri alitoa nafasi kwenye makaburi ya misheni, wazee wa msikiti wakatoa nafasi kwenye yao. Fransiska akawashukuru wote, akasema mzee mwenyewe alishachagua: makaburi ya mji, pembeni, sanda nyeupe na sanduku la mbao tupu, bila urembo. Sanduku alitengeneza fundi Kasimiri wa Chanji. Tulitaka kuzika asubuhi. Kasimiri ana randa moja na hana msaidizi. Tulikaa na mzee tukingoja mbao mpaka saa kumi jioni.

Watu walikuwa zaidi ya mia tatu. Wasukuma walipanda kutoka bondeni na fimbo zao. Hamduni alibeba upande wa kichwa. Mboje alibeba. Nami nilisogea, mtu mmoja akanisukuma kwa kiwiko, halafu Hamduni akaniachia nafasi.

Kaburini ikaonekana shida. Mzee alisema wanatakiwa kumi. Tulikuwepo mamia, na hakuna hata mmoja aliyejua maneno. Padri aliinamisha kichwa, wazee wa msikiti wakafungua viganja, kila mtu akasali kwa yake, kimoyomoyo. Ndipo Fransiska akasogea mbele. Miaka thelathini amekuwa akimsikia kupitia ukuta wa jikoni. Akasema mstari mmoja, kwa sauti ya mzee hasa, kupanda na kushuka kwake. Labda ulikuwa sahihi. Labda ulikuwa wa kubariki mkate. Hapakuwa na wa kumsahihisha.

Mimi nilikaa naye mezani, ana kwa ana, akaimba yote mbele yangu. Sikushika neno hata moja. Nilikuwa nasikiliza habari za nyama.

Evodia alinishika mkono wakati wa kurudi. Hakusema kitu, na safari hii ilikuwa heri.

Jumatano, 23 Juni

Baridi imezidi. Asubuhi kulikuwa na barafu nyembamba kwenye majani.

Kwa Myahudi pamefunguliwa. Fransiska anakata nyama mwenyewe sasa. Amemtuma Evodia aniambie kwamba mzee aliacha neno: kazi ya mapipa bado ni yangu, masharti ni yale yale, mwaka mmoja. Nianze hata kesho. Evodia alisimama akingoja nijibu. Alikuwa amenikazia macho kwa namna ambayo sijaiona tangu tulipooana.

Nimelifikiri jambo hilo kwa uzito. Nimelifikiri chai nzima.

Lakini mwaka! Kuosha mapipa! Na kuna jambo ambalo Jumapili pale makaburini niliona mimi peke yangu, wengine walipokuwa wanalia. Majeneza. Mji mzima huu una fundi mmoja, na anaanza kupiga randa mtu akishakufa. Watu wamesimama kwa muda wa saa saba! Mtu akitengeneza mapema, akayapanga tayari, dogo, la wastani na kubwa, biashara hiyo haiwezi kufa. Clemens hajaiona. Nikienda sokoni nawapima watu kwa macho. Mboje ni kubwa. Clemens, pamoja na koti, ni la wastani.

Ninachokosa ni ufundi tu. Kasimiri anaficha namna anavyounga zile pembe bila misumari. Yeye ni mlokole, mtu wa sala sana, hana mazungumzo mengine. Kwa hiyo leo nilipita karakana kwake, nikavua kofia, nikamwambia sipati usingizi na moyo wangu umeguswa na kanisa lake.

Aliniacha nimalize, akaweka randa chini, akanikumbatia. Ameniambia wana mfungo wa siku tatu, bila chakula wala maji, na unaanza kesho asubuhi. Nikakubali haraka asije akabadili mawazo.

Nimemwambia Evodia asinipikie. Amesema hakuwa na mpango huo.